Usitangaze Kisichopo Jikoni

Ilomba, Mbeya
Alhamisi asubuhi

Mpendwa dada Damari,

Shikamoo. Ugonile, dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Happy naye mzima, na kwamba miguu yako imepunguza kuvimba kwa kusimama jikoni kutwa. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Baridi ya mwaka huu imetushukia kwelikweli. Asubuhi tunawasha jiko la mkaa hata kabla hatujajua tutapika nini, ili mradi tuote mikono. Majirani wanakusalimu, hasa mama Sosthenes, ambaye bado anawasimulia watu ile keki ya Pasaka uliyomwokea ikaungua chini.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi za simu. Wiki nzima nimekupigia, na ukisikia tu neno "baba" unakata. Sikulaumu, lakini nimechoka kuongea na mlio. Barua haikatiki. Unaweza kuichana, ila ninavyokufahamu utakuwa umeisoma kwanza, kwa sababu hujawahi kutupa kitu kabla ya kujua ndani kina nini. Nimempa Yudith, yule anayeleta maparachichi Iringa, akukabidhi mkononi. Nimemwambia asikubali hata chai yako mpaka akuone umeifungua.

Baba anaumwa, dada. Si kuumwa kule kwa mwaka jana, kwa kukohoa na kunung'unika. Moyo wake umechoka. Hospitali walimlaza, wakamtoa maji, wakamlaza tena, na mwisho daktari alituita pembeni akasema ni vizuri akae nyumbani karibu na watu wake. Tuliielewa lugha hiyo. Sasa yuko kwenye chumba cha mbele, mgongo umeegemezwa kwenye mito, maana akilala chali pumzi inagoma. Miguu imejaa. Uso umebaki mdogo, macho makubwa. Ungemwona ungedhani ni mzee mwingine aliyeazima pua ya baba.

Najua unavyowaza. Unawaza kwamba ndiyo maana nilirudi Mbeya, na kwamba ulinionya. Siku naondoka kwako Ipogolo ulinifungia wali kwenye kontena, ukaniambia kama nakwenda kumuuguza niende kwa amani, ila nisikuletee habari zake. Nimejaribu kuheshimu hilo. Lakini nataka ujue yaliyotokea nyumba hii tangu Jumatatu, kwa sababu nimeshakuingiza ndani yake bila ridhaa yako, na hilo nitalifikia.

Unajua njia yangu ilivyojipindapinda mpaka hapa. Wengine wana kazi, mimi nina safari. Nilianzia hapa Mbeya, kwenye kile chumba cha redio chenye dirisha dogo, ambako watu walikuja kuandikisha matangazo ya vifo. Walikuja wamelia mpaka wamekauka, nami nikawauliza jina la marehemu, mazishi wapi, habari ziwafikie akina nani. Nilijifunza mapema kwamba watu hugombana zaidi kuhusu majina kuliko kuhusu jeneza. Nani atangulie, nani wa pili, nani asitajwe kabisa. Kisha nikaenda Dar es Salaam kwenye kampuni ya matangazo yenye kiyoyozi, nikaandika sabuni, nikaandika vocha, nikaandika juisi ya pasheni ambayo pasheni lilikuwa kwenye picha tu. Nilipomwambia bosi kwamba hata rangi yake si ya pasheni, akaniuliza kama nimeajiriwa kunywa au kuandika. Sikudumu. Arusha niliwaandikia wageni kuhusu vitanda vya hoteli ambavyo sijawahi hata kukalia, msimu ukaisha na kazi ikaisha nao. Ndipo nikashuka kwenye basi pale Ipogolo na begi moja, ukanipokea bila kuuliza swali hata moja. Hilo sijalisahau.

Na pale kwako ndipo nilipopata somo ambalo hakuna bosi aliyewahi kunipa. Unakumbuka nilipokuandikia ule ubao wa mbele ya mgahawa, ili madereva wa malori wauone kabla hawajaifikia kona? Niliandika wali wa Rujewa, maharage, kuku wa kienyeji. Ukatoka na kitambaa chenye maji ukamfuta kuku. Nikakuambia kuku analeta wateja. Ukaniambia, "Leo hakuna kuku. Usitangaze kisichopo jikoni." Nilinuna mpaka jioni. Baadaye nikiwa kwa Liberatus pale redioni Iringa, naandika mbegu za mahindi na vyuo vya ualimu, kila nikitaka kuongeza chumvi nilikiona kile kitambaa chako. Lishike hilo neno la kuku, tutalirudia.

Sasa nisikilize. Jumatatu baba mdogo Anord aliingia kutoka Rujewa. Hakuja mikono mitupu. Alishusha magunia ya mchele, mchele mzuri wa kunukia wa mashamba yake, akayapanga stoo. Nikamshukuru, nikamuuliza mbona mwingi hivyo na sisi tuko wachache. Akaniambia ni wa wageni. Nikauliza wageni gani. Akaangalia chini. Nilihisi damu inanipanda, dada. Mtu yuko chumbani anapumua, na mchele wa msiba wake umeshafika.

Jumanne akaniita nje, karibu na bomba, akiwa na sauti yake ile ya vikao. Akasema kwa kuwa mimi ndiye mtu wa matangazo katika ukoo, niandae tangazo mapema, ili siku ikifika tusihangaike. Nibakize tu nafasi ya siku na saa ya mazishi. Akanitajia majina ya kufikiwa na habari: yeye wa Rujewa, shangazi Bupe wa Tukuyu, wajomba wa Kyela, mimi, usharika wote, ndugu na jamaa popote walipo. Nikasubiri. Nikamuuliza, na Damari? Akanijibu kwamba mwenye nyumba alishasema, na yeye hawezi kubadilisha neno la kaka yake wakati kaka yake hana nguvu za kubishana. Akasema pia kwamba si yeye aliyekutoa, ni baba mwenyewe, mbele ya usharika mzima, na kila mtu alisikia.

Kila mtu alisikia, ni kweli. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Tangu tukiwa wadogo baba ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kanisani, na mimi ndiye niliyekuwa namnakilia kwa mwandiko mzuri Jumamosi jioni. Nikirefusha ananirudishia karatasi, anasema fupisha. Sasa Jumapili ile baada ya wewe kuondoka kwa mumeo Jofrey na uso umevimba, alisoma ndoa, akasoma harambee ya mabati, akasoma mazoezi ya kwaya ambayo Jofrey huyo huyo ndiye mwalimu wake, kisha akakunja karatasi na kusema kitu ambacho mimi sikukinakili. Akasema, "Damari si wa nyumba yangu tena." Na wewe ulipoambiwa ukasema siku akikuhitaji akuite kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale. Tangu siku hiyo nyie wawili hamjasogea hata unyayo, na mimi nimekaa katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

Basi nililiandika tangazo la baba mdogo. Nililiandika kwa hasira, lakini nililiandika, bila jina lako. Halafu nikafanya ninachofanya kila siku kazini, bila hata kufikiri. Tangazo halijaisha mpaka ulisome kwa sauti na kupima muda. Nikasimama uani, simu mkononi ikihesabu sekunde, nikasoma kwa sauti ya redioni kabisa, taratibu, na huzuni kiasi: familia ya Andendekisye wa Ilomba inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa. Nikaenda mpaka mwisho. Nilipozima saa nikaona dirisha la chumba cha mbele liko wazi.

Sijawahi kuogopa vile. Kisha nikasikia ananiita, si kwa nguvu, kama anavyoita akitaka maji.

Nikaingia. Baba mdogo naye akaingia nyuma yangu, maana naye alikuwa amesikia. Baba alikuwa anaangalia dari. Nikadhani labda hakusikia, labda Mungu amenionea huruma. Ndipo akaniambia kwamba nimesoma haraka, wazee wa milimani hawatashika siku ya mazishi. Nikasema ndiyo baba. Akavuta pumzi, akaitafuta nyingine, akasema, "Na umemruka mtu."

Nikamtazama baba mdogo, naye akatazama kofia yake. Nikamwambia baba kwamba nimepewa majina hivyo. Hakuuliza na nani. Aliuliza ule mchele wa stoo ni wa nani, kwa sababu ananusa mchele mpya tangu Jumatatu na hajaletewa hata kijiko. Nikaanza kulia, dada, na nililia kwa aibu zaidi kuliko huzuni.

Akaniambia nikae kitandani. Akauliza kama huko Iringa ni baridi. Unajua, miaka yote nikimpigia simu nikiwa kwako alikuwa anauliza swali hilo hilo. Huko kuna baridi? Watu wa huko wana nguo nzito? Mimi nikawa namjibu habari za hali ya hewa, mwandishi mzima wa matangazo, nisielewe mtu anaulizia nini. Juzi ndipo nilipoelewa. Nikamwambia ni baridi, lakini Damari ana sweta, na jikoni kwake kuna moto siku nzima. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa risiti sahihi.

Kisha akasema tangazo hilo la kifo lingoje, kwanza kuna lingine. Akaniagiza niandike la kukuita. Nikachukua kalamu nikaandika kama tulivyozoea redioni: Damari wa Ipogolo, Iringa, unaombwa kufika nyumbani Ilomba haraka, kuna jambo muhimu la kifamilia. Nikamsomea. Akauliza jambo la kifamilia ndiyo nini. Nikasema ni namna ya kusitiri. Akasema yeye hakukusitiri wewe siku ile, kwa nini leo asitiriwe yeye. Akanyoosha mkono akataka simu. Nikambonyezea kurekodi, nikamshikia karibu na mdomo, na haya ndiyo aliyosema. Nayaandika kama yalivyo, na pumzi alizopumzika kati yake siwezi kuziandika:

"Mimi ni Andendekisye wa Ilomba. Binti yangu Damari nilimkana mbele ya watu. Nilikosea. Damari, hii ni nyumba yako. Njoo."

Baba mdogo aliruka kama ameungua. Akasema mzee wa kanisa hawezi kumwomba mtoto radhi redioni, Mbeya yote ikisikiliza, mpaka wakulima wenzake wa Rujewa. Akasema nitamwua kaka yake kwa aibu kabla ya ugonjwa kumwua. Baba akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Anord, kama una haraka, chukua mchele wako urudi." Baba mdogo akatoka nje. Hakuondoka lakini. Nilimkuta baadaye amekaa kwenye ngazi, anajifuta macho kwa kofia, nikamletea chai.

Jana Jumatano mchana likasomwa, au niseme likasikika, maana ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hapa Mbeya bosi wangu wa zamani alilipitisha bila swali. Iringa nilimtumia Liberatus, akaniambia atalirusha mara tu baada ya taarifa ya habari. Nilijua kwamba kwako mchana ni nyimbo na kelele za madereva, lakini nilitumaini mtu mmoja angesikia akakuambia. Huku nyumba ilijaa. Mama Sosthenes alikuja, wanakwaya walikuja, wazee wawili wa kanisa walisimama mlangoni bila kukaa. Ile sauti ilipotoka kwenye redio hakuna aliyekohoa. Baba alijisikiliza amefumba macho. Lilipokwisha likaja tangazo la mbolea, na hakuna aliyethubutu kupunguza sauti.

Nikakupigia. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Sijui kama ulisikia ukazima, au ilikuwa imeisha chaji, au ni yale mambo yako ya kuiweka kabatini wateja wakizidi. Sijui, na kutojua huko kunanitafuna hadi sasa ninapoandika.

Sasa nafika kwenye lile nililosema nitalifikia. Baada ya watu kutawanyika, kila simu ya mtu yeyote ikilia baba alikuwa anainua kichwa. Simu ya baba mdogo, anainua. Simu ya jirani nje ya dirisha, anainua. Kuinua kichwa tu kunamchosha kama mwingine anavyochoshwa na kupanda mlima. Mwishowe aliniuliza kama Damari amesikia. Dada, katika kazi yetu mtu akiuliza swali huwezi kumwacha na kimya. Kimya ni hasara. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikamwambia ndiyo, amesikia, amepiga, anakuja Jumapili.

Akauliza umesemaje hasa. Anajua kuuliza, yule mzee. Na mimi nikakutungia maneno. Nikasema umesema uwekewe kiti karibu na dirisha, kwa sababu hutaki kukaa kitandani na viatu vya safari. Nilikuandika vizuri, dada, mpaka mimi mwenyewe nilikusikia. Aliamini neno kwa neno. Alicheka, halafu akalia, halafu akaomba uji, na aliumaliza uji wote, kitu ambacho hajafanya tangu atoke hospitali.

Tangu hapo nyumba imegeuka. Ameagiza kile kiti cha marehemu mama kiletwe dirishani, na baba mdogo alipotaka kukikalia akafukuzwa. Ameagiza mapazia yafuliwe. Ameagiza ule mchele wa stoo ufunguliwe Jumapili, kwa sababu Damari anakuja, na baba mdogo ndiye amekwenda kutafuta sufuria kubwa. Leo asubuhi muuguzi anayekuja kumpima ameniambia kwa sauti ya chini kwamba hajui mzee anasimama kwa nguvu gani. Mimi najua ni nguvu gani. Ni kuku niliyemwandika ubaoni na jikoni hayupo.

Ninaogopa, Damari. Naiogopa Jumapili kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nimefanya kazi miji minne ya watu, nimesifia visivyosifika, na hakuna aliyekufa kwa sentensi yangu. Hii inaweza kuua. Nikimwambia leo kwamba nilidanganya, nitakuwa nimemnyang'anya ule uji. Nikinyamaza, atakaa Jumapili anaangalia kiti kitupu mpaka giza liingie, na atadhani umefika mlangoni ukageuka. Ule mchele utapikwa kwa vyovyote vile wiki hii. Kilichobaki ni kujua unapikiwa nani.

Sikuombi usamehe. Alikuacha mlangoni na uso umevimba, na mimi nilikuwepo, na sina haki ya kukupangia moyo wako. Njoo na hasira zako zote, zitapata pa kukaa. Mwambie usoni yote uliyoniambia mimi pale jikoni. Nadhani ndiyo anayoyasubiri. Ila ulisema akuite mbele ya watu kwa sauti ile ile, na amekuita, ingawa sauti yenyewe haijabaki nyingi. Rekodi ninayo kwenye simu. Yudith nimemwekea pia kwenye simu yake, mwambie akusikilizishe. Na ikiwa umeshaamua huji, nakuomba kitu kimoja tu: washa simu umwambie mwenyewe, nisije nikakuandikia maneno mengine.

Msalimie Happy, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka na bado nina lile koti lake jekundu. Wasalimie wale madereva wako, hasa yule anayekula sahani mbili na kusema hana njaa. Baba mdogo Anord naye anakusalimu. Hakuniagiza niandike hivyo, lakini asubuhi hii aliniuliza kama basi la Iringa siku ya Jumapili linafika kabla ya chakula.

Nakutakia heri na afya njema, na Mungu akulinde barabarani, kama utakuwa barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
Tumpe

Nilikuwa nimeshaikunja barua, baba akauliza kupitia dirisha naandika nini muda wote huo. Nikamwambia ni tangazo. Akaniuliza ni refu kiasi gani, nikamwonyesha kurasa. Akasema, "Fupisha."

Dada, njoo.